Saa Moja ya Muziki: Kazi ya Mpiga Gita ya Klasiki Nairobi

Wazazi, walimu, na ninyi vijana mliokuja na gita mgongoni, hamjambo. Karibuni, na walio nyuma wasogee mbele, kwa sababu gita hii haina sauti kubwa na hilo ni jambo tutakalolirudia.

Swali linaloulizwa kila tunapokutana ni moja: mtu anaweza kuishi Nairobi kwa kupiga gita ya klasiki? Anaweza, ila si kwa njia ambayo wengi wanaiwazia. Wengi huwaza jukwaa, taa, na mtu mmoja akipigiwa makofi. Jioni za namna hiyo zipo, Alliance Française pale Loita Street, Goethe-Institut pale Monrovia Street, makanisani. Lakini ni chache, na mwenye nyumba hadai kodi yake kwa makofi. Kinachomlisha mpigaji ni saa moja ya muziki aliyoishika barabara: dakika 60 anazoweza kuzipiga kesho asubuhi bila karatasi, kwenye kiti cha plastiki, upepo unavuma, watoto wanapita mbele yake, na ukucha mmoja umekatika. Saa hiyo ukiikata vipande inakuwa harusi, ukiikata kwingine inakuwa mtihani wa diploma, ukiifundisha inakuwa karo ya mwezi. Kwa hiyo leo tutaizungumzia saa hiyo: inajengwa na nini, inavunjikia wapi, na inauzwaje.

Tuanze na kilichomo. Saa ya kawaida ya mpigaji anayeanza kazi inaweza kuwa hivi. Vipande viwili vifupi vya Francisco Tárrega, Mhispania aliyefariki mwaka 1909, yaani Lágrima na Adelita: dakika 4 kwa pamoja. Zoezi la Fernando Sor, Mhispania mwingine, katika B ndogo (B minor), Opus 35 namba 22, opus ikiwa ni namba ya kazi ya mtunzi: dakika 3. Utangulizi wa suti, yaani mfululizo wa vipande, ya kwanza ya Bach ya cello, ambao kwenye gita huhamishwa kutoka G hadi D: dakika 3. Utangulizi wa kwanza wa Heitor Villa-Lobos wa Brazil, alioutunga 1940: dakika 5. Recuerdos de la Alhambra ya Tárrega: 5. La Catedral ya Agustín Barrios wa Paraguay: 8. Variesheni za Sor juu ya wimbo wa Mozart, Opus 9: 9. Walzi moja ya Antonio Lauro wa Venezuela: 3. Kipande kimoja cha Leo Brouwer wa Kuba: 4. Hapo zimefika dakika 44. Ongeza dakika 12 za muziki wa kwetu, halafu dakika 4 za kutyuni, kuinuka, kuinama na kufuta jasho.

Lágrima hupigwa na mwanafunzi wa gredi ya 5 hivi, katika mitihani ya muziki yenye gredi 8. Recuerdos na La Catedral ni za ngazi ya diploma. Kwa mtoto anayeanza na miaka 9 au 10 na kufanya mazoezi kila siku, hesabu miaka 7 au 8 kabla saa hii haijasimama. Anayeanza na miaka 18 anaweza kuifikia kwa miaka 6 akiwa na mwalimu mzuri, kwa sababu anaelewa haraka, ingawa vidole vyake ni vizito kuliko vya mtoto. Anayekuahidi miezi sita anakuuzia kitu kingine.

Mpangilio una sababu zake. Usifungue na kipande kigumu: vidole baridi havidanganyiki. Na ule utangulizi wa Bach katika D unataka uzi wa sita, ule mnene kuliko yote, ushushwe kutoka noti ya E hadi D. Uzi ulioshushwa una tabia ya kujipandisha wenyewe kidogo kidogo, na ukiurudisha E katikati ya programu utakuwa ukijishusha katika kipande kizima kinachofuata. Kwa hiyo vipande vyote vya uzi wa D hukaa pamoja, mwanzoni au mara tu baada ya mapumziko. Na ukishusha, pitisha chini ya D, uvute uzi kwa mkono taratibu mara mbili, kisha upandishe hadi D. Uzi unaofikiwa kwa kupanda hutulia kuliko unaofikiwa kwa kushuka.

Sasa, saa hii inavunjikia wapi? Mara nyingi kwenye kumbukumbu. Mwanafunzi anapiga kipande nyumbani mara hamsini bila kosa, anafika mbele ya watu, katikati ya ukurasa wa pili vidole vinasimama. Anarudi mwanzo. Anasimama tena palepale. Sababu ni kwamba alikuwa na kumbukumbu ya vidole peke yake, na vidole hufuata mnyororo: kiungo kimoja kikikatika, kilichobaki hakijulikani kilipo. Dawa yake ni kuweka vituo. Katika kila kipande chagua sehemu 6 hadi 8, zipe namba, ujizoeze kuanzia yoyote kati ya hizo bila kupiga kilichotangulia. Mtu akikwambia "nne!" unaanza ya nne. Jukwaani ukipotea, ruka hadi kituo kinachofuata. Usirudi nyuma kamwe. Ukienda mbele, nusu ya wasikilizaji hawatajua kitu. Ukirudi nyuma, hata mlinzi wa mlangoni atajua.

Kipimo cha pili ni kukaa bila gita, macho yamefumbwa, ukaupiga wimbo mzima kichwani huku ukitaja kidole cha mkono wa kushoto na uzi wake. Mahali utakapobabaika kichwani ndipo utakapobabaika mbele ya watu.

Mazoezi yenyewe: saa 3 kwa siku zinatosha kwa anayejenga programu, zikigawanywa vipindi vya dakika 25 hadi 30, na dakika 5 za kunyoosha mikono na kutembea kati yake. Anayekaa saa 3 mfululizo haongezi kitu baada ya saa ya kwanza isipokuwa maumivu ya kifundo cha mkono. Maumivu yakianza, acha siku hiyo. Gita imewatoa kazini watu waliodhani maumivu ni dalili ya bidii. Kuna hata hali ambapo kidole kimoja huanza kujikunja chenyewe bila kutii. Haina maumivu, na kwa sababu hiyo mtu huendelea kuilazimisha miezi mingi badala ya kumwona daktari wa mishipa ya fahamu.

Tukae kidogo kwenye tremolo, maana ndiyo inayoulizwa na kila mtu aliyesikia Recuerdos. Mkono wa kulia hupiga noti nne: gumba kwenye nyuzi nene, kisha kidole cha pete, cha kati na cha shahada, vyote vitatu juu ya uzi mmoja mwembamba. Zikipigwa sawasawa na kwa kasi, sikio huziunganisha likadhani ni sauti moja ndefu. Zisipokuwa sawasawa, unasikia punda anakimbia. Tatizo mara nyingi ni nafasi kati ya kidole cha shahada na gumba linalofuata: mwanafunzi hungoja gumba "lijipange", basi kila kundi la noti nne hufuatwa na kishimo. Tia soksi au kitambaa chini ya nyuzi karibu na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye ubao wa mbele, ili sauti izimike ubaki na pigo la noti tu, weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mdundo, kwenye 60 na upige noti moja kwa kila mdundo. Moja tu. Kisha mbili kwa mdundo, kisha nne. Katika kila hatua tia mkazo kwenye kidole tofauti: leo kidole cha pete, kesho cha kati. Siku ambayo mtu mwingine hawezi kutambua ni kidole kipi kinachoanza, tremolo imeiva. Na jueni kwamba tremolo kwenye uzi wa pili ni ngumu kuliko kwenye wa kwanza, kwa sababu uzi wa pili una jirani pande zote mbili na ukucha ukizidi kidogo unagusa wa kwanza. Ukitaka kujipima, jipime kwenye wa pili.

Hapo tumefika kwenye kucha. Mpiga gita ya klasiki hufuga kucha za mkono wa kulia, gumba na vidole vitatu vinavyolifuata. Za kushoto hukatwa hadi mwisho. Urefu unaofaa ni milimita 1.5 hadi 2 kupita nyama ya ncha ya kidole, ukitazama kutoka upande wa kiganja. Achana na seti ya kukatia kucha. Tumia tupa ndogo ya kioo kutoa umbo linalofuata ncha ya kidole, kisha msasa wa maji namba 600, umalizie na namba 1500 au 2000 mpaka ukingo uteleze kwenye uzi kama kokoto ya mtoni. Msasa huo unapatikana duka lolote la vifaa vya magari, karatasi moja ukiikata vizuri inafika miezi miwili. Ukucha wenye kona hunasa uzi na kutoa sauti kavu, ya kukwaruza. Wengi huilaumu gita, na gita haina hatia.

Ukucha utakatika, na utakatika Ijumaa. Mambo mawili hufanya kazi. La kwanza ni kipande cha mpira wa tenisi ya meza: kata umbo la ukucha, liwe kubwa kidogo, ulipachike juu ya ukucha uliobaki kwa supaglu, usubiri, kisha utie tupa na msasa. Linadumu siku mbili tatu, na linatosha harusi. La pili ni kwenda saluni ukatiwe ukucha wa akriliki au jeli kwenye vidole vinne tu. Mwambie dada wa saluni mapema kwamba hutaki rangi wala unene, unataka wembamba na umbo la mviringo, na ya kwamba utamalizia msasa mwenyewe. Usimruhusu akusugue ukucha wa asili mpaka uwe karatasi. Ubaya wa akriliki ni kwamba ukucha wa chini hudhoofika, ukianza huachi kwa urahisi.

Nyuzi nazo. Tatu nyembamba ni nailoni tupu. Tatu nene zina kiini cha nyuzi laini za nailoni kilichozungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha, na ndizo zinazokufa kwanza: jasho huingia katikati ya waya, mng'aro wa sauti ukaisha. Nailoni iliingia kwenye gita miaka ya 1940, kazi ya Albert Augustine wa New York akishirikiana na mpiga gita Andrés Segovia. Kabla ya hapo nyuzi nyembamba zilikuwa utumbo wa mnyama. Seti mpya inataka siku tatu nne kutulia. Usibadilishe asubuhi ya tamasha, utakesha ukityuni. Unapofunga uzi wa kwanza darajani, uzungushe mara mbili au tatu na uhakikishe ncha imebanwa nyuma ya ukingo wa daraja, si juu yake. Fundo likiachia, ncha huruka kama kiboko na kutoboa kidonda kwenye ubao wa mbele.

Na tafadhali, hili tulisikie sote: usitie nyuzi za chuma kwenye gita ya klasiki. Tunaona hilo kila wiki hapa Nairobi. Mtu ameona gita ina sauti ndogo, jirani akamshauri atie chuma. Seti ya nailoni huvuta kwa nguvu ya kama kilo 40 jumla. Seti ya chuma ya kawaida huvuta kilo 70 na zaidi. Ndani ya wiki chache daraja linaanza kung'oka kwa nyuma, ubao unavimba, shingo inapinda, maana shingo nyingi za klasiki hazina ile fimbo ya chuma ndani ya kuzuia. Fundi anaweza kugandisha daraja upya. Ubao uliopinda ni shughuli nyingine.

Gita yenyewe: kwa miaka miwili ya mwanzo Yamaha C40 au ya daraja hilo inatosha, na usione aibu. Urefu wa uzi kutoka juu hadi darajani ni milimita 650, na upana wa shingo pale juu ni milimita 52. Mtoto wa miaka 7 anunuliwe ya nusu, wa miaka 10 ya robo tatu; kumpa kubwa "akulie humo" ni kumharibu bega. Anayeelekea kazini anahitaji gita yenye ubao wa mbele wa mti mmoja mzima, mwerezi au spruce. Namna ya kujua: tazama ukingo wa lile tundu la sauti. Kama mistari ya mti inashuka kutoka juu hadi chini ya unene wake, ni mti mzima. Kama unaona tabaka zimelala kama chapati zilizopangwa, ni plaiwudi iliyopakwa sura. Plaiwudi haipasuki ovyo, na hiyo ndiyo sifa yake.

Ubao mzima unataka kulindwa na hewa. Gita nyingi nzuri hujengwa kwenye karakana zenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Nairobi Januari na Februari hewa ya mchana hukauka sana. Masika yakianza, kila kitu hugeuka. Ubao ukikauka hunywea: nyuzi hushuka karibu na freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, na kuanza kuchakacha, ncha za freti hujitokeza kando ya shingo zikikuchoma kidole, na mwishowe ubao hupasuka kwa mstari ulionyooka chini ya daraja. Ukinyonya unyevu huvimba, na nyuzi huinuka. Kipimo cha kawaida kwenye freti ya 12 ni milimita 4 chini ya uzi wa sita na 3 chini ya wa kwanza. Gita iliyokuwa sawa Nairobi ikifika Mombasa, ambako unyevu mara nyingi uko juu ya asilimia 70, unaweza kukuta vipimo hivyo vimeongezeka kwa siku mbili tatu tu. Usikimbilie kuchonga kile kipande cha mfupa cha darajani. Ukirudi Nairobi utakuwa umekata sana. Beba mifupa miwili, ya bara na ya pwani. Kingine ni kipima unyevu cha bei nafuu ndani ya kesi, na msimu wa kiangazi kibox cha sabuni kilichotobolewa chenye sponji yenye unyevu, isiyochuruza maji, kikae karibu na kichwa cha gita.

Wanaosafiri nje na gita wazingatie jambo jingine. Mbao za jamii ya mpingo na rosewood, Dalbergia zote, ziliwekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017, na ala zilizokamilika zikapewa msamaha mwishoni mwa Novemba 2019. Msamaha huo hauigusi rosewood ya Brazil, ambayo iko kwenye orodha kali zaidi na inataka kibali. Kama gita yako ni ya kale na mgongo wake ni mweusi unaong'aa, ulizia kabla ya uwanja wa ndege.

Zile dakika 12 za muziki wa kwetu hazikuwekwa pale kwa uzalendo. Ndizo zinazokutofautisha na maelfu wengine wanaopiga Recuerdos, na ndizo zinazomfanya shangazi aliyeletwa kwenye tamasha kwa nguvu ainue kichwa. Magharibi mwa Kenya kuna omutibo, upigaji wa gumba na kidole cha shahada, na George Mukabi, aliyefariki 1963, ndiye aliyeupa jina. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, naye alipiga kwa vidole viwili hivyo, na ukimsikiliza unaapa wako wawili. Mwenye mkono wa klasiki ana vidole vinne, basi kuna kishawishi cha kuujaza muziki huo noti. Usijaze. Katika omutibo gumba halitembei kwa hesabu ya mazoezi ya klasiki ya Giuliani. Linasukuma, na chupa ya Fanta inayogongwa pembeni ndiyo inayoshika mapigo. Ukipiga peke yako, lile pigo la chupa lazima lisikike mahali fulani: gonga ubao kwa kidole cha pete, au uzime nyuzi nene kwa kiganja karibu na daraja. Anayetaka kuona kazi hii inavyofanywa kwa ukamilifu amsikilize Derek Gripper wa Afrika Kusini, aliyeuhamisha muziki wa kora, ala ya Afrika Magharibi yenye nyuzi 21, hadi kwenye gita ya nyuzi 6. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi 8. Nayo ijaribiwe.

Sasa pesa. Tuchukue harusi Karen, Jumamosi, wanataka muziki wa saa mbili. Unatoka nyumbani saa tano asubuhi. Saa sita umefika, unatandika vifaa na kujaribu sauti hadi saa saba. Saa moja ya kungoja msafara, ukiwa na bahati. Unapiga saa nane hadi saa kumi, unafungasha, unaingia nyumbani saa kumi na mbili. Saa mbili za kupiga zimekula saa saba za kazi, pamoja na teksi, kwa sababu spika haiingii kwenye matatu bila ugomvi. Bei inayotajwa kwa saa mbili peke yake ndiyo inayowafukuza wapigaji kwenye kazi hii.

Makubaliano yawe kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unatosha ukiwa na haya: tarehe na mahali, muda wa kuanza na wa kumaliza, bei ya kila nusu saa inayozidi, nusu ya malipo kwa M-Pesa kabla tarehe haijafungwa, na salio kabla hujaondoka. Andika pia: kiti kisicho na mikono, kivuli juu ya mpigaji, na stima ndani ya mita 10. Kiti kisicho na mikono kinaonekana kama deko mpaka ufike ukute sofa. Jua likiwaka juu ya gita kwa nusu saa, gundi ya daraja inaweza kulainika. Na wimbo wa maharusi, ule wa redioni au wa tenzi za kanisani, uombwe wiki nne kabla na ulipiwe kando. Kuupanga wimbo wa dakika tatu kwa gita moja, ukiwa na sauti, besi na katikati, huchukua siku mbili za kazi kwa mtu mzoefu.

Sauti: nje ya ukumbi gita hii haisikiki zaidi ya safu ya tatu. Ndani, tumia maikrofoni ndogo ya kondensa, ile inayotaka volti 48 kutoka kwenye mikisa, sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye gita, ikielekea pale shingo inapoungana na mwili. Usiielekeze kwenye tundu, utapata ngurumo. Nje, penye upepo na ngoma jirani, afadhali pikapu, yaani kidaka-sauti kilicho chini ya mfupa wa darajani, hata kama sauti yake ni ya kiplastiki kidogo. Ikianza kuvuma, tatizo liko karibu na hertz 100, mahali ambapo hewa ya ndani ya sanduku hutikisika yenyewe. Punguza hapo badala ya kupunguza sauti yote. Kuna spika nzuri za betri Luthuli Avenue. Nunua ya betri, maana stima hupotea, na bibi harusi hawezi kusimamishwa mlangoni hadi irudi.

Kufundisha ndiko kunakoleta pesa ya kila mwezi. Watoto chini ya miaka 10, nusu saa kwa wiki. Wakubwa, dakika 45 au saa nzima. Karo ilipwe kwa muhula mapema, somo lililoahirishwa chini ya saa 24 lihesabiwe. Na panga wanafunzi kwa barabara, si kwa siku wanazotaka wao: Jumatatu Karen na Lang'ata, Jumatano Westlands na Lavington, Ijumaa Thika Road. Mwalimu anayetoka Karen kwenda Kasarani saa kumi na moja jioni amefundisha somo moja na kulipwa foleni mbili. Wazazi watauliza mitihani. ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, ina gredi 1 hadi 8, na huwezi kuingia gredi ya 6 ya vitendo bila kupita nadharia ya gredi ya 5 au kinachokubaliwa badala yake. Hapo ndipo wengi hukwama, vidole viko tayari, nadharia haijaguswa. Anza nadharia gredi ya 2, dakika 10 za kila somo. Juu ya gredi ya 8, ARSM, diploma ya bodi hiyo, inataka programu ya dakika 30 tu, hakuna skeli, na LTCL, diploma ya Trinity College London, inataka kama dakika 40. Rudini kwenye ile saa yetu, mzichukue dakika hizo humo. Wanaotaka shahada, Kenyatta University ina idara ya muziki, na Kenya Conservatoire of Music imekuwa ikifundisha hapa mjini tangu 1944.

Mashindano ya nje tutayapita haraka. Yale ya Tárrega huko Benicàssim, Uhispania, yalianza 1967 na bado ni makubwa. Nendeni mkiwa na programu mbili, visa ya mapema, na mtu wa kulipia hoteli. Hayajengi kazi ya Nairobi, ila husafisha upigaji.

Kuhusu kurekodi: Kenya hulinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Tárrega, Barrios aliyefariki 1944, hata Villa-Lobos aliyefariki 1959, wako huru hapa. Rodrigo, mtunzi wa Uhispania, alifariki 1999 na Brouwer alizaliwa 1939, hao ni wa kuombewa ruhusa. Lakini ukiweka rekodi mtandaoni inasikika Ulaya, ambako ni miaka 70, na Villa-Lobos huko bado hajaachiwa.

Mwisho ni KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, jambo ambalo hakuna mwalimu wa muziki hulifundisha. Kampuni au hoteli ikikulipa ada ya kitaalamu ya shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, itakata asilimia 5 ya kodi ya zuio kama wewe ni mkazi. Pesa hiyo haijapotea: cheti chake huonekana kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, na unakipunguza kwenye kodi yako unapowasilisha ritani kufikia tarehe 30 Juni. Angalia kwamba cheti kimetolewa kwa PIN yako, namba yako ya mlipa kodi. Wakikata bila kukitoa, umelipa kodi ya mtu mwingine. Hoteli pia itataka ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na usipokuwa nayo hundi italala kwa mhasibu miezi miwili. Jisajilini kabla ya kazi ya kwanza, si baada yake.

Maswali yaanze na wale wa nyuma. Msasa, mpira wa tenisi ya meza na supaglu viko hapa mezani, aliyekatikiwa na ukucha aje tumtengeneze wengine wakiuliza.